Makazi na Msaada kwa Kadiri ya Mahitaji ya Mtu

Nyumba na huduma za msaada ni vitu viwili ambavyo mtu mwenye shida huvihitaji kwa wakati mmoja, lakini karibu kila nchi huvitoa kwa mikono tofauti. Nyumba iko kwa mwenye nyumba, shirika la nyumba au halmashauri. Msaada uko hospitali, ofisi ya ustawi wa jamii, kwa jamaa, kanisani au msikitini. Mgonjwa wa akili anayeruhusiwa kutoka hospitali, mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu, kijana aliyetimiza miaka 18 akatakiwa kuondoka kwenye kituo cha yatima, mama aliyekimbia kipigo na watoto wake, mtu anayetumia kiti mwendo: hawa wote huandikwa kwenye fungu moja la wahitaji, ilhali kinachomfaa mmoja kinaweza kumdhuru mwingine. Kwa muda mrefu mhitaji alipelekwa kwenye jengo lenye huduma. Mabadiliko makubwa ya miongo ya karibuni ni kuigeuza safari hiyo, mtu akae kwake na huduma imfuate.

Katika karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20, nchi za Ulaya na Marekani zilijenga hospitali kubwa za wagonjwa wa akili, nyumba za maskini na makazi ya wazee, nyingi zikiwa nje ya miji. Aliyeingia humo alipata vyote mahali pamoja: kitanda, chakula, dawa na mlinzi getini. Alichopoteza ni mamlaka juu ya siku yake mwenyewe, yaani saa ya kuamka, chakula cha kula na mtu wa kulala naye chumba kimoja. Mwaka 1955 hospitali za akili za majimbo ya Marekani zilikuwa na wagonjwa wapatao 559,000. Mji mdogo wa Geel huko Ubelgiji ulikuwa umefuata njia nyingine tangu Zama za Kati. Wagonjwa waliofika kuhiji kwenye kanisa la Mtakatifu Dymphna walipokelewa na familia za wenyeji, wakaishi nazo na kushiriki kazi za nyumbani na shambani. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia idadi yao ilikaribia 4,000, na utaratibu huo upo hadi leo, hospitali ikisimama nyuma ya familia. Geel ilionyesha mapema kwamba ugonjwa mzito si sababu tosha ya kumfungia mtu, lakini ni wachache walioiga.

Dawa mpya za miaka ya 1950, pamoja na aibu ya hali iliyoonekana wodini, ziliifanya Marekani ianze kuwatoa wagonjwa hospitalini. Oktoba 1963 Rais John F. Kennedy alitia saini sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili karibu na wananchi ili vichukue nafasi ya hospitali hizo. Wagonjwa walitoka, lakini vituo vingi havikujengwa. Wakati huohuo hoteli za bei ya chini za New York, ambako mtu asiye na familia aliweza kupanga chumba kwa wiki, zilikuwa zikivunjwa au kugeuzwa makazi ya wenye kipato. Makubaliano ya mahakamani ya mwaka 1981 yaliulazimisha mji huo kumpa kitanda kila mwanamume asiye na pa kulala, na mji ukafungua kumbi zenye mamia ya vitanda. Kitanda kikapatikana bila nyumba.

Juu ya kumbi hizo ukajengwa mfumo wa ngazi. Mtu alianzia ukumbini. Akiacha pombe, akinywa dawa zake na kuhudhuria vikao alipandishwa hadi hosteli, kisha nyumba ya pamoja yenye msimamizi, na mwisho, kama hajateleza, akapewa nyumba yake. Akikutwa amelewa, alirudishwa chini. Hoja ya waliouanzisha ilikuwa kwamba mtu hawezi kukaa katika nyumba kabla hajafundishwa kukaa. Ubovu wake ulikuwa kwamba masharti ya kila daraja yaliwashinda hasa wale waliokuwa wagonjwa zaidi, na kila kupanda kulimaanisha kuhama: majirani wapya, wahudumu wapya, imani mpya ya kujenga. Waliofika juu mara nyingi walikuwa wale ambao hawakuihitaji sana ngazi yenyewe.

Mwaka 1992 mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianzisha shirika la Pathways to Housing jijini New York, akaanzia pale ngazi ilipoishia. Mtu aliyekuwa analala barabarani, mwenye ugonjwa wa akili na mara nyingi ulevi au dawa za kulevya juu yake, alipewa kwanza nyumba ya kawaida ya kupanga, katika mtaa wa kawaida, mbali na wapangaji wengine wa mpango huo. Alichangia asilimia 30 ya kipato chake, ambacho kwa wengi kilikuwa posho ya serikali, na shirika likamalizia kodi. Alitakiwa pia kukubali kutembelewa walau mara moja kwa wiki. Tiba haikuwa sharti. Njia hiyo, ambayo kwa Kiswahili inaweza kuitwa Nyumba Kwanza, ilisimama juu ya jambo moja la kisheria ambalo wengi hulipita haraka: mkataba wa nyumba na mpango wa huduma vilitenganishwa. Mpangaji aliyekataa dawa hakufukuzwa kwa kukataa dawa. Na aliyepoteza nyumba, kwa kugombana na mwenye nyumba au kulazwa kwa muda mrefu, hakuachwa na wahudumu. Walimfuata alipokwenda na kumtafutia nyingine.

Wahudumu wenyewe walifanya kazi kwa mtindo uliobuniwa Madison, jimbo la Wisconsin, katika miaka ya 1970, wa kuwahamishia nje watu waliokuwa wakifanya kazi wodini. Timu moja huwa na daktari wa akili, muuguzi, mtaalamu wa ulevi, afisa ustawi wa jamii na mara nyingi mtu aliyewahi kupitia hali hiyo mwenyewe, na kila mhudumu ana wateja wasiozidi kumi hivi. Wiki za mwanzo kazi yao haifanani na tiba. Humsindikiza mpangaji kununua shuka na sufuria, humkumbusha kuzima jiko, hukaa naye kwenye foleni ya kitambulisho, huzungumza na mwenye nyumba kuhusu bomba linalovuja. Aliyelala nje miaka mingi anaweza kulala sakafuni kitanda kikiwa pembeni, au kuwakaribisha wenzake wa barabarani mpaka majirani walalamike. Hapo ndipo msaada unapokatwa kwa kipimo cha mtu. Mmoja anahitaji kusaidiwa kumwambia rafiki wa zamani kwamba leo haingii. Mwingine hana mgeni hata mmoja, na upweke wa jioni ndio unaomrudisha barabarani. Huyo anahitaji mtu wa kuzungumza naye kuliko anavyohitaji kidonge cha ziada.

Matokeo ya kwanza yaliyochapishwa, mwaka 2000, yalionyesha kwamba baada ya miaka mitano asilimia 88 ya wapangaji wa Tsemberis walikuwa bado wana makazi, dhidi ya asilimia 47 ya waliopitia mfumo wa ngazi wa New York. Ushahidi mzito zaidi ulitoka Kanada. Kati ya 2009 na 2013 Tume ya Afya ya Akili ya nchi hiyo, kwa fedha za serikali dola milioni 110 za Kanada, iliwaingiza watu zaidi ya 2,000 wasio na makazi katika utafiti wa miji mitano: Vancouver, Winnipeg, Toronto, Montreal na Moncton. Nani apate Nyumba Kwanza na nani abaki na huduma zilizokuwapo iliamuliwa kwa kura, kama inavyofanywa katika majaribio ya dawa.

Washiriki walipangwa pia kwa uzito wa mahitaji. Wenye hali nzito walipewa timu kamili yenye daktari. Wenye hali ya wastani walipewa mhudumu mmoja aliyewaunganisha na huduma za mtaani, naye akahudumia watu wengi zaidi. Gharama zikatofautiana kwa kadiri hiyo: wastani wa dola 22,257 kwa mwaka kwa kila mwenye mahitaji makubwa, na dola 14,177 kwa mwenye mahitaji ya wastani. Winnipeg, ambako wengi wa wasio na makazi ni wa jamii za wenyeji wa asili, iliundwa timu iliyoongozwa na mashirika yao na kufuata desturi zao. Toronto kulikuwa na timu ya wahamiaji na watu wa jamii zinazobaguliwa kwa rangi. Katika miezi sita ya mwisho ya utafiti, asilimia 62 ya waliopata Nyumba Kwanza walikuwa ndani ya nyumba wakati wote, na miongoni mwa wengine ni asilimia 31. Kwa ile asilimia 10 ya washiriki waliokuwa wakitumia huduma nyingi kuliko wote, zile za polisi, mahabusu na vyumba vya dharura, kila dola 10 zilizotumika ziliokoa dola 21.72. Kwa walio wengi akiba haikufidia gharama yote, na ni haki kulisema hilo wazi, kwa sababu wanasiasa wengi wameuza mpango huu kana kwamba unajilipa kwa kila mtu.

Si hilo tu lililotiwa chumvi. Nyumba Kwanza huwaweka watu ndani, haijaonekana kuwaponya. Katika utafiti wa Kanada dalili za ugonjwa na matumizi ya pombe na dawa za kulevya zilipungua kwa makundi yote mawili bila tofauti kubwa. Taasisi za kitaifa za sayansi za Marekani zilifikia hitimisho la namna hiyo mwaka 2018: isipokuwa kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ushahidi kwamba nyumba yenye msaada huboresha afya ulikuwa hautoshi. Wapinzani hutumia matokeo hayo kudai tiba irudishwe kuwa sharti la nyumba. Hoja hiyo ni dhaifu. Kama tiba haikufanya tofauti kubwa kwa mtu mwenye nyumba, hakuna sababu ya kuamini kwamba itafanya hivyo kwa mtu anayelala chini ya daraja. Funzo lililo sahihi ni kwamba huduma za ulevi na akili zinahitaji kuboreshwa zenyewe, na kwamba nyumba haipaswi kubebeshwa kazi ya huduma hizo.

Ugumu mwingine uko katika kupima. Nyumba zikiwa chache kuliko watu, lazima mtu aamue nani atangulie. Mwaka 2013 ilitolewa Marekani dodoso fupi liitwalo VI-SPDAT: mtu huulizwa kuhusu magonjwa, kulazwa, kukamatwa, vurugu na madeni, majibu yanahesabiwa, na alama humpeleka kwenye nyumba yenye msaada kamili, ruzuku ya muda mfupi au mikono mitupu. Lilienea mijini kwa kasi kwa sababu lilikuwa bure na jepesi. Kasoro zake zilijitokeza polepole. Mtu anaulizwa na mgeni, pengine kando ya barabara, kuhusu kubakwa au kutumia dawa za kulevya, na anayeficha hupata alama ndogo. Tafiti katika miji kadhaa zilionyesha kwamba Wamarekani Weusi walipata alama za chini kuliko Wazungu. Mwishoni mwa 2020 walioliandaa walitangaza kwamba wanaliondoa. Dodoso linaweza kusaidia kupanga foleni. Mahitaji ya mtu hujulikana kwa kukaa naye, na hubadilika: anayehitaji kutembelewa kila siku mwezi wa kwanza huenda akatosheka na simu moja kwa wiki mwaka unaofuata, kisha akaugua tena. Mpango usioweza kuongeza na kupunguza msaada bila kumhamisha mtu bado uko kwenye mfumo wa ngazi, hata ukibadilishwa jina.

Finland ilikwenda mbali zaidi kuliko nchi nyingine kwa sababu ilianza na majengo. Mwaka 2008 serikali, miji mikubwa na mashirika yalikubaliana kumaliza tatizo la watu wasio na makazi kwa muda mrefu, na mabweni ya kulala usiku yakaanza kugeuzwa kuwa nyumba. Huko Helsinki bweni la Jeshi la Wokovu lenye nafasi 250 likawa jengo la nyumba 81, kila mpangaji akiwa na mkataba na mlango wake, na wahudumu wakiwa jengoni mchana na usiku. Vitanda vya mabweni jijini humo vikashuka kutoka 558 mwaka 2008 hadi 52 mwaka 2016. Shirika la Y-Säätiö, lililoundwa 1985, lilinunua nyumba moja moja katika majengo ya kawaida kwa ajili ya wasiohitaji msaada wa karibu. Aina hizo mbili, jengo lenye wahudumu na nyumba iliyotawanyika mtaani, ziliruhusu kuchagua. Wapo wanaotaka kujichanganya na watu wasiowajua, na wapo ambao ukimya wa nyumba ya peke yao huwatisha. Mafanikio hayo yana sharti. Nyumba za kodi nafuu zilikuwapo na posho ya makazi ilitosha. Baada ya serikali kupunguza posho hiyo mwaka 2024, takwimu za mwaka huo zilionyesha ongezeko la wasio na makazi, la kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi ya kushuka.

Njia nyingine ya kumlenga mtu ni kumkabidhi fedha aamue mwenyewe. Sweden, kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 1994, humpa mtu mwenye ulemavu mkubwa haki ya msaidizi binafsi, na mwenye haki ndiye huamua nani awe msaidizi na afanye nini. Jijini London mwaka 2009 watu 15 waliokuwa wamelala nje kwa miaka mingi, wakikataa kila hosteli, waliulizwa wanahitaji nini ili waondoke barabarani, na kila mmoja akatengewa hadi pauni 3,000. Waliomba vitu vya kawaida kama nguo, samani na televisheni. Wastani wa matumizi ulikuwa pauni 794 kwa mtu, na baada ya mwaka mmoja hivi wengi wao walikuwa wameingia ndani au wanajiandaa kuingia. Watu 15 hawathibitishi sera, lakini mfano huo unaonyesha jinsi swali lilivyocheleweshwa: kwa miaka mingi walipewa kila kitu isipokuwa nafasi ya kusema wanataka nini.

Kwa mwenye ulemavu wa mwili mahitaji hupimwa kwa sentimita. Kiti mwendo hakipiti kwenye mlango wa sentimita 70 bila kugonga vidole vya mtu. Mlango unapaswa kuwa na upana wa walau 80, na bafu kuwa na nafasi ya kugeuka ya kipenyo cha sentimita 150. Njia ya mteremko ipande sentimita moja kwa kila 12 za urefu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia 2008 na Tanzania 2009, unasema katika ibara ya 19 kwamba watu hao wana haki ya kuchagua wakae wapi na nani, na wasilazimishwe kuishi katika mpango maalumu. Kwa wazee waliopoteza kumbukumbu, kijiji cha Hogeweyk katika mji wa Weesp, Uholanzi, kilichofunguliwa 2009, huwapanga wakazi katika nyumba ndogo kwa kufuata maisha waliyoyazoea. Mwanzoni kulikuwa na nyumba zilizoandaliwa hata kwa waliokulia Indonesia enzi za ukoloni, kwa vyakula na mapambo ya huko. Asiyekumbuka jina la mwanawe bado huitambua harufu ya jikoni mwake.

Katika Afrika Mashariki mtoa huduma mkubwa ni familia, na sera nyingi zimeichukulia kama kisima kisichokauka. Mama mzee hukaa na binti, mgonjwa hufungiwa au hutunzwa na dada, na serikali huingia pale ambapo hakuna jamaa. Zanzibar ina makazi ya wazee ya Sebleni na Welezo huko Unguja na Limbani huko Pemba. Tangu Aprili 2016 ina pia pensheni kwa kila mkazi aliyefikisha miaka 70, bila kujali kama aliwahi kuajiriwa, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na kupandishwa baadaye. Kenya hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa umri huohuo kupitia mpango wa Inua Jamii. Fedha hizo, hata zikiwa ndogo, zinamkuta mzee kwa jamaa zake na kumpa neno katika nyumba anayoishi, jambo ambalo kitanda cha kituoni hakiwezi.

Upande wa nyumba, vizuizi ni vya kawaida mno kiasi kwamba havihesabiwi kuwa suala la ustawi. Wenye nyumba wengi Dar es Salaam hudai kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na mtu anayepata riziki kwa siku hawezi kuikusanya. Chumba katika nyumba ya wapangaji wengi kina choo cha kuchuchumaa uani, na mzee mwenye magoti mabovu huhitaji kiti chenye tundu na upau wa kushika ukutani, kazi ya fundi seremala ya siku moja. Mpango wa nyumba za bei nafuu wa Kenya, unaogharimiwa kwa tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara kwa sheria ya 2024, uko chini ya idara za nyumba. Watu wanaohitaji kusindikizwa ili waweze kukaa humo wako kwenye mafaili ya wizara nyingine. Sensa ya familia za mitaani ya Kenya ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639, na jibu lililozoeleka limebaki kuwapeleka vituoni na kuwarejesha kwa jamaa, hata pale ambapo kwa jamaa ndiko walikokimbia.

Mahali pa kuanzia panajulikana. Katika hospitali kubwa za akili kama Mirembe ya Dodoma na Mathari ya Nairobi wapo wagonjwa waliopata nafuu wanaobaki wodini kwa sababu hakuna aliyekuja kuwachukua. Mtu kama huyo hahitaji kituo kipya. Anahitaji chumba, kodi ya miezi ya kwanza, mdhamini mbele ya mwenye nyumba na mtu wa kumtembelea kila wiki. Kenya ilizindua mwaka 2023 kikosi cha wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wanaopita nyumba kwa nyumba, na Tanzania ina wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kaunti na halmashauri ziwape watu hao jukumu hilo kwa maandishi, ziwalipe kwa kulifanya, na zitenge fungu la kodi ya kuanzia.